Amri ya Nane: Mlango wa Nyumba ya Mkubwa



Katika somo lililopita tulisema juu ya wizi, tukaona ya kuwa amri ya saba yalinda mali ya jirani. Leo twaenda mbele hatua moja. Amri ya nane yalinda kitu kisichowekwa sandukuni wala kupimwa kwa mizani, nacho ni jina jema la mtu. Na hasa twataka kujua jambo hili: Je, amri hiyo yawalinda hata wakubwa? Rais, gavana, mbunge, sultani, Askofu, mwimbaji mwenye sifa, hao nao wana haki ya kufunga mlango wa nyumba yao?

Twauliza hivyo kwa sababu siku hizi magazeti, redio na simu zimejaa habari za nyumbani kwao: nani ameoa, nani ameachana na mkewe, mtoto huyu ni wa nani, mzee yule augua nini. Nasi twazisikiliza, twacheka, kisha twazipeleka kwa jirani. Basi yafaa tujue tunachokifanya mbele ya Mungu.

1. Jinsi mambo yalivyogeuka

Zamani habari za mkubwa zilikwenda polepole. Ngoma ilitangaza kifo cha sultani, au mkutano, au hatari; haikutangaza ugomvi wa sultani na mkewe. Hata katika nchi zenye magazeti mengi desturi ilikuwa karibu na hiyo. Franklin Roosevelt aliiongoza Marekani tangu mwaka 1933 mpaka alipokufa mwaka 1945. Ugonjwa ulikuwa umemlemaza miguu tangu mwaka 1921, naye alitumia kiti cha magurudumu. Lakini wapiga picha wa magazeti, wengi wao, hawakumpiga picha akiwa katika kiti hicho.

Desturi hiyo imekwisha. Magazeti hushindana, na lile linalofunua siri huuzwa upesi kuliko mengine. Kisha ikaja televisheni, kisha simu za mkononi zenye kupiga picha, kisha mitandao kama Facebook na WhatsApp. Huko Facebook mwenye kutangaza biashara yake hulipa kwa hesabu ya watu waliotazama. Hivyo macho ya watu yamekuwa bidhaa, kama mchele na mawese sokoni. Na hakuna kitu kivutacho macho upesi kama mlango wa chumba cha kulala ulioachwa wazi. Lakini tuseme kweli pia: wako wakubwa wanaoufungua wenyewe. Wakati wa uchaguzi hutuonyesha mke na watoto na meza ya chakula ili tuwapende. Uchaguzi ukiisha, hushangaa kuona watu bado wamesimama mlangoni.

Mtu asidhani huo ni mchezo tu. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikufa Paris tarehe 31 Agosti 1997, mwenye umri wa miaka 36. Gari lake lilikuwa likifuatwa na wapiga picha. Mwaka 2008 baraza la mahakama huko London liliamua ya kuwa kifo kile kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva wake, aliyekuwa amelewa, na wa wenye vyombo waliomfuata. Picha zile zilitafutwa ili ziuzwe. Na wanunuzi walikuwa nani? Walikuwa watu wa kawaida waliokaa nyumbani kwao, ambao hawakumchukia Diana hata kidogo. Walitaka kuona tu.

2. Macho yakivutwa huku, huku kwingine watu wafa

Ndugu, kuna madhara mengine ambayo ni vigumu kuyaona. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vilianza katika Kongo yetu. Ninyi mlio watu wazima mwakumbuka: Maniema nzima iliona taabu, watu wakalala porini, mashamba yakaachwa, watoto wakafa kwa njaa na kwa malaria. Siku kumi na tano tu baada ya vita kuanza, tarehe 17 Agosti 1998, Rais wa Marekani Bill Clinton alisimama mbele ya televisheni akakiri ya kuwa alikuwa na uhusiano usiofaa na mwanamke kijana aliyefanya kazi katika ofisi yake. Kwa miezi mingi jambo hilo lilijaza magazeti ya dunia. Ni kweli, ndani yake lilikuwamo shitaka la kusema uwongo chini ya kiapo, na hilo si jambo la nyumbani tu; lakini sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa haikuwa juu ya kiapo, ilikuwa juu ya chumba. Watu wa nchi za mbali waliyajua mambo ya chumba kile kuliko walivyojua kwamba Kongo inaungua.

Tutazame na jirani zetu wa Kenya. Tarehe 16 Januari 2009 Rais Mwai Kibaki alitangaza ya kuwa njaa imekuwa msiba wa taifa; watu wapata milioni 10 walihitaji msaada wa chakula. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo, Rais yuleyule aliwaita waandishi wa habari Ikulu ya Nairobi, mkewe Lucy akiwa kando yake, akawaambia ya kuwa ana mke mmoja tu. Maneno ya magazeti juu ya nyumba yake yalikuwa yamezidi hata akaona hana budi kuyajibu hadharani. Mkewe naye, usiku mmoja wa Mei 2005, aliingia kwa hasira katika ofisi za gazeti moja la Nairobi kulalamika juu ya yale yaliyoandikwa. Sisi hatutaki kuchimba neno lolote la nyumba ile, na wote wawili wamekwisha kufa. Twasema hili tu: katika mwaka wa njaa, mwananchi alikuwa na haki ya kumwuliza Rais wake habari ya mahindi. Kila ukurasa uliojazwa na habari ya wake za Rais ulikuwa ukurasa ulioondolewa kwa mwenye njaa.

3. Mafundisho ya Kanisa

Swali: Je, Kanisa limesema lolote juu ya jambo hili?

Jibu: Ndiyo, limesema waziwazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2492, yamtaka kila mtu awe na kiasi anapogusa mambo ya ndani ya wengine. Yawataka wenye kazi ya habari wapime sawasawa faida ya watu wote na haki ya kila mmoja. Na juu ya watu wenye kazi ya siasa au kazi ya hadharani yafundisha ya kuwa kuyaingilia maisha yao ya ndani ni kosa, kadiri kunavyovunja siri na uhuru wao. Kwa hiyo mkubwa hakuvuliwa ubinadamu wake siku ile alipopewa ukubwa.

Swali: Ni dhambi zipi zinazoharibu jina la mtu?

Jibu: Ni tatu hasa. Ya kwanza ni kumdhania mtu vibaya moyoni bila sababu ya kutosha. Ya pili ni kusengenya, yaani kufunua kosa la mtu kwa wale wasiolijua, pasipo sababu ya haki, hata kama kosa hilo ni la kweli. Ya tatu ni kusingizia, yaani kumzulia mtu ubaya ambao hakuutenda.

Angalieni sana ile ya pili. Wakristu wengi hufikiri ya kuwa mtu akisema kweli hana dhambi. Humsikia msengenyaji akijitetea: «Mimi sikudanganya, jambo hili ni kweli kabisa.» Lakini si kila kilicho kweli ni mali yako kukigawa. Ng'ombe wa jirani ni ng'ombe wa kweli, wala wewe huna ruhusa ya kumchinja. Wengine huleta methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kumwonya mtu asipuuze habari ya hatari. Haifai kuwa hukumu. Mahakama ya haki haimfungi mtu kwa sababu amesemwa.

Kitabu cha Mwanzo chatusimulia habari za mzee Noe. Alikunywa divai ya shamba lake, akalewa, akalala uchi hemani. Mwanawe Kamu alimwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Kamu hakudanganya, alisema alichokiona. Lakini Semu na Yafeti walitwaa vazi, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zikitazama pengine, wakamfunika baba yao. Wote watatu walijua kosa la mzee. Tofauti yao ni jinsi walivyolitumia. Leo Kamu hana haja ya kutoka hemani. Anayo simu mkononi, na kwa dakika moja uchi wa baba yake umefika Kindu, Bukavu na Ulaya.

4. Jambo lililotugusa sisi wenyewe

Tusiseme habari za mbali tu. Joseph Kabila alishika urais wa Kongo mwezi wa Januari 2001, baada ya Laurent-Désiré Kabila kuuawa, akautoa mwezi wa Januari 2019. Mama yake, Mama Sifa Mahanya, ni mtu wa Maniema, wa kabila la Wabangubangu, watu wa Kabambare. Mwaka 2006 taifa lilifanya uchaguzi mkuu. Duru ya kwanza ilikuwa tarehe 30 Julai, na ya pili tarehe 29 Oktoba. Katika miezi ile, magazetini na midomoni mwa wanasiasa, yalijaa maneno juu ya kuzaliwa kwa Rais: nani baba yake, nani mama yake, tumbo gani lilimzaa. Wengine walijiita wana halisi wa nchi, ili yeye aonekane mgeni.

Sisi hatusemi hapa kama alitawala vema au vibaya. Uchaguzi uliotazamiwa mwaka 2016 ulifanyika Desemba 2018. Watu waliuliza sababu, na maaskofu wa Kongo wakauliza pamoja nao, na walikuwa na haki, maana hilo ni jambo la taifa. Lakini juu ya uzazi wake mtu aweza kusema: «Katiba, kifungu cha 72, yataka Rais awe Mkongomani wa asili. Basi uzazi wake si siri tena.» Neno hilo lina uzito, tulijibu kwa haki. Ndiyo, sheria ikiuliza, ni lazima kujibu. Lakini sheria huuliza mbele ya mahakama, kwa ushahidi na kwa hati, na mshitakiwa hupewa nafasi ya kusema. Haiulizi kwa kunong'ona sokoni. Mwenye ushahidi aupeleke kwa mwamuzi. Asiye na ushahidi anyamaze.

Tena, neno kama hilo halimpigi mkubwa peke yake. Mama yule naye alipigwa, kwa kuwa nchi nzima ilijadili tumbo lake kama kitu cha mnadani. Nani miongoni mwetu angependa mama yake atendewe hivyo? Na neno lililoanza juu kwa wakubwa hushuka mpaka kijijini. Mtu aliyezoea kusikia redioni kwamba fulani si mwenzetu, kesho humwambia jirani yake vivyo hivyo kwa ajili ya shamba au kisima. Katika mashariki ya Kongo twajua neno hilo limemwaga damu kiasi gani.

5. Lililo letu na lisilo letu

Swali: Basi, je, Mkristu anyamaze hata mkubwa akitenda uovu?

Jibu: Hapana. Kunyamaza kwaweza kuwa dhambi kama kusema.

Tutajuaje mpaka? Tujiulize: «Mtu huyu tulimkabidhi nini?» Rais tulimkabidhi nchi, fedha ya kodi, askari na sheria. Sultani tulimkabidhi ardhi na hukumu. Mwalimu na Padri tuliwakabidhi watoto wetu na roho zetu. Lolote linalogusa kile tulichomkabidhi ni letu, nasi tuna haki ya kuuliza, hata kama limefichwa ndani ya nyumba yake. Lisilogusa amana hiyo ni lake, la jamaa yake, na la Mungu wake.

Tuchukue mfano. Mobutu alitawala tangu mwaka 1965 mpaka mwaka 1997. Kule Gbadolite alijijengea majumba ya fahari, na uwanja wa ndege ambapo hata ile ndege ya haraka, Concorde, iliweza kutua. Hayo yalikuwa makao yake mwenyewe. Je, waandishi waliofunua habari za majumba yale walimsengenya? Hapana, kwa maana nyumba ile ilijengwa wakati barabara na hospitali za nchi zilikuwa zinakufa. Fedha ya watu ilikuwa imeingia ndani ya nyumba. Na mwenye mali ana haki ya kuifuata mali yake.

Mfalme Daudi naye alimtwaa Betsabea, mke wa Uria. Kisha, ili kuficha dhambi yake, aliamuru Uria awekwe penye vita vikali apate kufa. Hapo jambo la chumbani lilikuwa limekwisha kutoka chumbani: jeshi la taifa lilitumiwa kumwua mtu asiye na kosa. Nabii Natani hakunyamaza, akamwendea mfalme uso kwa uso, akamwambia kosa lake. Hakuanza kwa kumcheka mfalme njiani.

Na tuseme wazi jambo moja linalouma. Vazi la Semu na Yafeti si la kumfunikia mtu anayeharibu watoto. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe, huko Marekani, lilifunua ya kuwa mapadri kadhaa waliwatenda watoto uchafu, na ya kuwa wakubwa wao katika Kanisa walificha habari na kuwahamisha tu. Waandishi wale hawakulitendea Kanisa ubaya. Waliwasaidia watoto ambao sisi tulipaswa kuwalinda. Kwa hiyo Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake ya tarehe 7 Mei 2019, aliwaamuru mapadri na watawa wote kutoa habari kwa wakubwa wa Kanisa mara wanapojua uovu wa namna hiyo. Basi mzazi akijua ya kuwa mtoto anaumizwa, hata kama mwenye kuumiza ni mwalimu, sultani au Padri, aseme upesi kwa mwenye mamlaka, na kwa polisi pia. Huko si kusengenya. Huko ni kuokoa.

6. Mambo ya kushika

Kwanza, tuheshimu kazi ya mwandishi mwema. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, yampa kila mtu haki ya kupata habari. Katika kifungu cha 31 yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani. Haki hizi mbili zakaa katika sheria moja, nazo hazikuwekwa zipigane. Tena sheria ya makosa, katika kifungu cha 74, yamwadhibu yule ambaye kwa nia mbaya na hadharani amtaja mwenzake kuwa ametenda jambo fulani la kumvunjia heshima. Basi tusidhani ya kuwa serikali na Kanisa vyasema mambo mawili mbalimbali.

Pili, kabla ya kupeleka habari mbele, kwa mdomo au kwa simu, tujiulize: Ni kweli? Ni letu? Nalipeleka kwa mtu awezaye kulitengeneza, au kwa mtu wa kucheka nami tu? Jibu moja likiwa baya, habari ile na ife mkononi mwetu. Anayesikiliza naye ana sehemu yake, maana msengenyaji akikosa masikio atanyamaza.

Tatu, aliyeharibu jina la mtu hana budi kulirudisha. Hapa amri ya nane yafanana na ya saba. Mwizi wa mbuzi akiungama dhambi yake bila kumrudisha mbuzi, amebaki na deni. Vivyo hivyo aliyemsingizia mtu mbele ya watu kumi, awaendee kumi wale, awaambie wazi: «Nilisema uwongo.» Aliyefunua kosa la kweli hawezi kusema kwamba ni uwongo, lakini aweza kutaja mema ya mtu yule palepale alipotaja ubaya wake, na kumwombea. Ni kazi ngumu. Mbuzi mmoja ni rahisi kumtafuta kuliko neno lililokwisha kupita vijiji saba.

Nne, tuwe na hamu ya kuuliza yale yanayotuhusu. Mbunge akija Wamaza au Kabambare, tusipoteze saa tukinong'ona juu ya wake zake. Tumwulize habari ya barabara, habari ya dawa katika hospitali, habari ya mishahara ya walimu, habari ya dhahabu ya Salamabila, kwamba yaenda wapi na yatuachia nini. Kiongozi mwovu hupenda sana watu wacheke juu ya chumba chake cha kulala, maana wakicheka huko hawatahesabu fedha ya hazina.

Maswali ya kukumbuka

Amri ya nane yalinda nini? Yalinda ukweli na jina jema la kila mtu, mdogo na mkubwa.

Kusengenya na kusingizia hutofautianaje? Kusingizia ni kuzua uwongo. Kusengenya ni kufunua kosa la kweli pasipo sababu ya haki.

Ni lini twaruhusiwa, hata twalazimishwa, kufunua kosa la mkubwa? Ni pale kosa lake linapoharibu kile tulichomkabidhi, na hasa linapoumiza wanyonge. Nasi tulipeleke kwa mwenye uwezo wa kulitengeneza.

Aliyeharibu jina la mtu afanye nini? Aungame, kisha arudishe heshima aliyoiondoa, kadiri awezavyo.

Ndugu wapenzi, jioni ya leo mkikaa barazani pamoja na jamaa, mazungumzo yakielekea nyumba ya mtu asiyekuwapo, mmoja wenu ayageuze kwa upole, kama Semu na Yafeti walivyogeuza nyuso zao. Naye Yezu Kristu, ambaye alisingiziwa mbele ya mahakama asivunjike moyo, atupe ulimi wa haki na moyo wa ujasiri, tuseme panapopasa na tunyamaze panapopasa. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.